Nimelipuliza Bawa la Karne Tano

Leo nimejidhalilisha, ndugu zangu, na kwa pumzi yangu mwenyewe.

Mnajua nimengoja miezi minne kupata ruhusa ya kuliona, hapa hapa London, bawa la ndege lililochorwa kwa rangi za maji juu ya ngozi ya ndama. Mchoraji hajulikani, alikufa yapata karne tano zilizopita. Sura ya tatu ya kitabu changu, ambayo mhariri anaisubiri Ijumaa, inadai kwamba mafundi wa zama zile waliyasafisha maumbile: hawakuchora unyoya uliolegea. Nilikwenda kuthibitisha tu.

Msimamizi wa chumba, Bi Wambui, Mkenya, alinisomea masharti: penseli pekee, mikono mikavu, nisiseme wala kukohoa juu ya mchoro. Nikamjibu kwa upole kwamba masharti hayo ndiyo niwafundishayo wanafunzi wangu. (Sikumwacha amalize.)

Akafunua. Nilisahau kuketi. Buluu iliyokolea ilififia polepole ikawa kijani, kila uzi wa unyoya ukiwa mahali pake, na pale bawa lilipong'olewa mwilini palikuwa na wekundu mbichi, kana kwamba ndege amechinjwa leo asubuhi. Machozi yalinilengalenga.

Ndipo nikaona uchafu. Kinyoya cheupe, chembamba kuliko ukope, kilikuwa kimeangukia kando ya bawa. Nikaudhika: hazina kama hii hutunzwa hivi? Nikainama, nikakipuliza. Hakikusogea. Nikajaza mashavu, nikapuliza tena (kama mtu awashaye jiko la mkaa).

"Prof," akasema Bi Wambui, "unafanya nini?"

"Kuna kinyoya kimeanguka hapa."

Akanikabidhi lenzi. Nikatazama. Kinyoya kilikuwa na kivuli chake, na kivuli kilikuwa rangi.

"Hicho kimechorwa," akasema. "Wewe ni wa tatu kukipuliza. Wale wengine wawili walikuwa watoto wa shule."

Wasomaji wa meza ya pili hawajui Kiswahili, lakini mashavu yangu walikuwa wameyaona.

Nikavishwa barakoa. Kiti changu kikarudishwa nyuma hatua mbili, na dakika arobaini zilizosalia nikazitumia kuitazama kwa mbali kazi ya marehemu aliyenidanganya mchana kweupe. Sikuchoka hata kidogo.

Sura ya tatu naiandika upya. Tanbihi yake ya kwanza itasema kwamba kuwepo kwa unyoya uliolegea kumethibitishwa kwa majaribio mawili. Mhariri akiwauliza ni majaribio gani, nawaomba msimwambie.