Transista Zilipolala Mbele ya Mshenga

Marafiki, nawaandikia nikiwa barazani, maana sebuleni sina uso wa kurudi. Leo nimeadhirika mchana kweupe, nyumbani kwangu mwenyewe hapa Kariakoo, mbele ya watu waliokuja kumposa binti yangu Rehema.

Nianze mwanzo, mimi ni mtu wa utaratibu. (Utaratibu ndio ulioniponza.)

Mnajua ninavyochukia volyumu ya kuzungusha. Ikizeeka inakwaruza kama mtu anayekwangua ukoko. Basi kwenye amplifaya ya redio yangu nimeing'oa. Mahali pake nimepanga rezista za kupunguza sauti, kila moja na transista yake kama swichi. Transista hizo nilizichagua kwenye maduka ya mtaa wa Gerezani, moja moja, mpaka muuzaji akaniuliza kama nachambua mchele. Transista ikiwaka, sehemu ya sauti inamwagwa pembeni, haifiki kwenye spika. Zikiwaka zote, unasikia mnong'ono tu. Ukibonyeza kitufe, moja inazimika, sauti inapanda hatua moja. Haikwaruzi hata kidogo!

Redio na amplifaya yake zinatumia betri, kwa sababu umeme wa betri umetulia. Transista nikazipa adapta yao ya ukutani, ili zisiingize kelele kwenye muziki. Nilijiona nina akili sana.

Asubuhi mke wangu akanionya.

"Baba Rehema, leo hiyo redio izimwe. Wageni wanakuja."

"Itakuwa chini kabisa. Hutaisikia."

"Nikiisikia, hilo dude linahamia barazani. Na wewe unalifuata."

Nikakubali. Nikaisukuma betri chini ya kochi, wageni wasije wakaiona.

Mchana wakafika: Mzee Kondo, mshenga, pamoja na shangazi wa kijana anayeoa. Nikamwamkia mzee, nikamketisha kwenye kochi kubwa. Akatega sikio kidogo.

"Redio yako ina adabu," akasema.

Nusura nimkumbatie!

Mazungumzo yakaenda vizuri. Rehema akaitwa. Desturi mnaijua: binti anaulizwa, anainamisha kichwa, na kimya chake ndilo jibu. Mzee Kondo akakohoa.

"Binti yangu, tumekuja kwa ajili yako, na waliotutuma unawajua. Je, umeridhia?"

Rehema akainama. Kimya.

Umeme ukakatika.

Feni ikalegea. Adapta ikafa. Transista zikalala zote kwa pamoja. Na zikilala zote, hakuna tena kinachomwagwa pembeni. Sauti nzima inakwenda kwenye spika! Betri, kwa bahati mbaya, niliijaza jana.

"JE, MZEE, SHUGHULI YA NDOA IMEKUSHINDA?" redio ikanguruma. "UNACHOKA KABLA HUJAANZA?"

Tangazo la dawa ya mitishamba! Vikombe vikacheza kwenye sinia. Mtangazaji alikuwa kama amekaa katikati yetu, anangoja chai.

Nikarukia kitufe cha kupunguza. Nikabonyeza. Kitufe hakina umeme! Nikabonyeza tena. (Jaribio hurudiwa.)

"MZIZI MMOJA TU, UNARUDI UJANANI!"

Nikachomoa waya ukutani. Ulikuwa wa feni.

"Baba Rehema, zima!" mke wangu akapiga kelele.

"Haizimiki huku! Mpaka nichomoe betri!"

Betri iko chini ya kochi. Juu ya kochi yuko mshenga. Nikapiga magoti mbele yake, nikaingiza kichwa karibu na miguu yake nikipapasa. Mzee akadhani naomba radhi. Akaniwekea mkono kichwani.

"Inuka, mwanangu! Hatujakasirika!"

"Betri, mzee! Umekalia betri!"

Mzee Kondo akaruka kutoka kochini kama kijana wa sekondari.

"Eeh!" akapayuka shangazi. "Dawa imeshafanya kazi!"

Nikauvuta waya wa betri. Kimya kikarudi. Na katika kimya kile tukamsikia Rehema. Alikuwa amejifunika khanga usoni, mabega yanamtikisika, anacheka mpaka anakosa pumzi.

Posa inaharibika, na mharibifu ni baba wa binti! Shangazi akamgeukia mshenga.

"Kimya ni ridhaa. Na kicheko je?"

Mzee Kondo akakaa tena taratibu, akapangusa jasho.

"Kicheko ni ridhaa mara mbili. Tuendelee."

Posa imepokelewa. Wakati wa kuaga, mzee akanishika mkono, akanivuta mpaka nyuma ya mlango, akaangalia huku na huku.

"Mwanangu," akaninong'oneza, "umechomoa kabla hawajataja namba ya simu."

Basi Rehema anaolewa, na mimi na dude tuko barazani kama tulivyokubaliana. Nililojifunza ni hili: kifaa cha sauti kikikosa umeme, kife kimya. Na ninyi ambao lazima mcheke, tafadhali, iwe hatua ya chini kabisa.