Mkono Wangu Uliopona Leparua

Alhamisi, 9 Agosti 2018

Nimejitolea kwenda misheni. Sijui ilikuwaje! Kwenye maombi ya mchana Pasta Ekuam alitangaza kwamba Jumamosi tunaenda Leparua kumjengea nyumba Mama Apua, mjane ambaye mvua za Aprili zilimbomolea ile aliyokuwa nayo. Kazi ya mikono, akasema. Kubeba mawe, kukanyaga udongo, kukandika. Nikainamisha kichwa kama mtu aliyezama katika sala. Halafu Nakal akainua mkono, akasema yeye atapika. Na mkono wangu ukapanda wenyewe! Nikautazama kama wa mtu mwingine.

Nakal anauza chai na mandazi mkabala na kibanda changu cha mitumba, hapa Bulla Pesa. Mimi ni mtu mzima, sina mke, na nimekunywa chai nyingi kuliko mwili wa binadamu unavyohitaji. Bado hajaelewa.

Shida ni mgongo. Si kwamba unauma. Ni kwamba sitaki uanze.

Mpango: niwe msimamizi. Kila mjengo una mtu wa kusimama na kuelekeza wengine. Nimeazima kofia ngumu ya njano. Inanikaa vizuri sana.

Ijumaa, 10 Agosti

Msimamizi ni Lomuria. Lomuria!

Nilimwendea Pasta asubuhi nikiwa na kofia yangu, nikamweleza juu ya kipaji cha uongozi ambacho Mungu ameniwekea. Akanisikiliza kwa upole. Akasema amefurahi sana, ila Lomuria ni fundi wa mawe, na tena ana viatu vya gambuti. Eti gambuti! Mtume Paulo alikuwa na gambuti? Sikuuliza. Ningeuliza.

Huyu Lomuria ndiye anayeimba besi kwenye kwaya. Akicheka, vikombe vya Nakal vinatetemeka mezani. Na Nakal hucheka naye. Nimeona kwa macho yangu.

Jioni Lomuria akapita kwenye kibanda changu, akasema mbele ya Nakal kwamba amenipanga upande wa mawe ya msingi kwa sababu nina mabega mapana. Nakal akayatazama mabega yangu. Ningekataaje?

Mpango mpya. Nimenunua bendeji. Mkono umeteguka. Umetegukaje? Nilianguka nikimsaidia mtu kuvuka barabara. Hapana, wataniuliza ni nani. Nilianguka bafuni. Hakuna anayemdadisi mtu habari za bafuni.

Jumamosi, 11 Agosti, Leparua, mchana

Naandika haraka, nimejificha nyuma ya kanta, lori dogo lililotuleta. Mambo yameharibika.

Yalianza vizuri. Jirani yetu Dahir, anayefanya biashara ya mbuzi, alitupa kanta yake bure. Alipoiona bendeji akasema pole sana ndugu yangu, Mungu akuponye. Hata Dahir wa msikitini ananiombea! Njiani nilishika vyuma kwa mkono wa kulia, bendeji ikiwa kushoto. Karibu na Leparua nikaona wa kulia una uzito zaidi kwa mtu wa mawe, nikahamisha bendeji. Hakuna aliyeona.

Tulipofika watu wote walimsalimu Mama Apua, wakaivamia kazi. Lomuria akainua jiwe la ukubwa wa mbuzi. Mimi nikaketi chini ya mgunga, karibu na sufuria, mkono nimeuinua kifuani. Nakal akaniambia pole. Akanipa chai kabla ya watu wote! Nikaona huu ndio utumishi.

Kisha Mama Apua akaja na fimbo yake, akaketi kando yangu. Ni mdogo wa mwili, shanga zimemjaa mpaka kidevuni. Akauliza kwa Kiturkana nimepatwa na nini. Nikasema nilianguka bafuni. Bafu ni nini? Nikaeleza kwamba ni chumba cha kuogea. Akashangaa kwamba mtu mmoja ana nyumba, na maji nayo yana nyumba. Akacheka mpaka akajifuta machozi.

Kabla sijafikiri, mkono ulikuwa mapajani pake. Akaifungua bendeji polepole. Jasho likanitoka! Akatoa mafuta ya kondoo, akaanza kunikanda kidole kimoja kimoja, huku akinisimulia. Ukuta ulianguka juu ya kitanda chake wakati yeye yuko nje anawafunga mbuzi. Tangu hapo analala kwa jirani. Jirani ni mwema, hajamtolea neno baya. Lakini kuwa mgeni kila siku kunachosha. Unaamka kabla ya wenyewe. Hata kujigeuza kitandani unaogopa. Mvua nyingine zikimkuta huko, alisema, atakufa akiwa mgeni.

Nikamwachia mkono.

Halafu akasimama, akaita watu wote waje. Anataka kuniombea! Akaomba kwa sauti, akamwita Mungu kwa Kiturkana, Akuj, akalia kweli. Maombi marefu. Lomuria alikuja na jiwe begani, na kwa heshima hakuweza kulitua. Hilo lilinifariji kidogo.

Amina. Akaniambia niinue mkono.

Watu wote wananitazama. Nikisema bado unauma, basi Mungu wa mama huyu amemwangusha mbele ya watu, kwenye kiwanja chake, siku ya nyumba yake. Nikisema umepona, kuna mawe. Nikalitazama lile rundo la mawe. Nikautazama uso wake.

Nikainua. Nikachezesha vidole vyote.

Vigelegele! Pasta akapiga haleluya tatu. Lomuria akanikabidhi lile jiwe.

Jumamosi, jioni, nyumbani

Nimebeba mawe. Nimekanyaga udongo. Nimekandika ukuta mzima wa nyuma. Mtu aliyeponywa hapumziki. Kila nikisimama kuvuta pumzi, kuna mtu anasema tazama matendo ya Mungu, na kunipa karai lingine. Kofia ya njano ilitumika kubebea maji.

Nakal naye alivua viatu akaingia kwenye udongo. Tukawa tunakanyaga bega kwa bega. Nikafikiri sasa ndiyo nafasi ya kusema neno. Yeye akatangulia. Akaninong'oneza, bila kunitazama, kwamba kwenye kanta bendeji ilikuwa mkono wa kushoto.

Nilitaka udongo unimeze! Lakini alicheka. Si kile kicheko cha Lomuria cha kutetemesha vikombe. Kilikuwa kidogo, cha chini chini, na hakuna aliyekisikia ila mimi.

Mabati yakapigiliwa, mlango ukafungwa bawaba. Mama Apua akaingia, akafunga. Tukangoja nje. Akafungua kidogo, akafunga tena. Tukazidi kungoja, watu na matope yao, hata Lomuria ametulia. Mara mlango ukafunguka wazi, na yeye amesimama kwenye kizingiti. Akasema, "Karibuni kwangu, wageni."

Kwangu. Nakal akanishika mkono wa shati. Sijui kama alijua amenishika.

Wakati wa kuagana Mama Apua akachukua mikono yangu yote miwili. Malengelenge matupu, safari hii ya kweli. Akanivuta niiname.

"Mkono wako ulikuwa mzima tangu asubuhi, mwanangu," akasema.

Nikauliza, kwa aibu, kwa nini basi aliukanda na kuuombea.

"Hawa wote wamekuja kunijengea, Akuj awabariki. Lakini wamenisalimu wakaniacha. Wewe ndiye uliyeketi."

Nikageuka kutazama mabati. Vumbi la Leparua ni baya sana kwa macho.

Jumapili, 12 Agosti

Siwezi kupiga makofi kanisani. Siwezi kufunga vifungo. Pasta alitaka nitoe ushuhuda. Nikasimama, nikasema Mama Apua ni mkarimu na nyumba yake ina mlango mzuri, nikaketi. Ushuhuda mfupi kuliko wote, lakini hauna uongo hata chembe. Lomuria alinipiga begani, akasema nilijitahidi. Begani! Palepale panapouma!

Baada ya ibada Nakal akaleta chai kwenye kibanda changu. Sikuwa nimeagiza. Vidole vilikataa kushika kikombe, akanishikia. Akamnywesha mtu mzima mbele ya Bulla Pesa yote. Nikamwambia ni tamu. Akasema alisahau sukari.

Jumanne, 14 Agosti

Pasta ametangaza misheni nyingine. Mwezi ujao, Rapsu. Kuchimba mfereji wa kupeleka maji mashambani. Nakal ameinua mkono. Na mimi nimeinua.

Nimetafakari sana juu ya Leparua, nikapata funzo. Waliojenga ni wengi. Aliyeketi ni mmoja. Kumbe kile ambacho watu wanakiita uvivu, kwa upande wangu ni huduma! Na Rapsu hapakosi mzee anayehitaji mtu wa kukaa naye kivulini huku wengine wakichimba. Ni nani atakwenda kwa ajili yake, kama si mimi?

Kosa langu lilikuwa moja tu. Mkono uko nje, kila mtu anauona, kila mtu anaukagua. Ugonjwa mzuri ni wa ndani.

Kifua, kwa mfano. Vumbi la kuchimba mfereji si la mtu mwenye kifua. Leo asubuhi, nikipanga suruali kibandani, nimeanza kukohoa kidogo kidogo, ili watu wazoee mapema.