Nywele Kabla ya Matangazo ya Ndoa

Jumatatu, 5 Juni 1995. Makambako

Baridi kali. Namshukuru Mungu kwa baridi. Huku kwetu ikifika Juni kila mwanaume huvaa kofia ya sufu, na hakuna anayeulizwa anaficha nini. Mimi naficha upara. Nywele zilizobaki ziko kisogoni na juu ya masikio. Katikati ni uwanja wa ndege.

Scolastika hajui. Ni mwalimu wa shule ya misheni karibu na Njombe, mcheshi, mrefu kunizidi kidogo. Nilianza kumchumbia wakati wa masika nikiwa na kofia, na sijaivua hadi leo. Mama yake aliponikaribisha mezani nilisema nina mafua.

Leo habari mbaya. Padre ametuma ujumbe kwamba ndoa yetu itaanza kutangazwa tarehe 18. Parokia yao ina desturi: wachumba husimama mbele ya waumini wote majina yanaposomwa. Na mwanaume hasimami kanisani na kofia.

Siogopi. Tangu serikali iruhusu biashara huria nimeuza redio za Dubai ambazo hata mimi sijui zinawashwaje. Sitashindwa na kichwa changu mwenyewe.

Jumatano, 7 Juni. Makambako

Nimekwenda kwa Mustapha, mwenye duka kubwa karibu na stendi. Nikamwambia nina mjomba mwenye upara. Akaitazama kofia yangu, akaniambia nimpe pole huyo mjomba.

Anasema njia ni mbili. Ya kwanza ni dawa ya kupaka, asubuhi na jioni, miezi mingi. Wengine huota vinyweleo, wengine hawaoti kitu, na ukiacha kupaka vilivyoota vinadondoka. Nikaona dawa hiyo ni kama ng'ombe wa maziwa: ukiacha kumlisha, huna kitu. Ya pili ni upasuaji. Binamu yake ameuona Bombay. Daktari anang'oa nywele za kisogoni na mizizi yake, moja moja, anazipanda mbele.

Kung'oa na mizizi, kisha kupanda! Hiyo si elimu ya Bombay. Hiyo ni kazi ya kila mtoto wa Njombe aliyewahi kuhamisha miche ya miti. Nashangaa sikuwaza mapema.

Ijumaa, 9 Juni. Kifanya

Nimepata lifti kwenye lori la Nahumu. Nahumu ni jirani yangu sokoni, anauza mbegu za viazi, na ana nywele nyingi hadi anahifadhi kalamu humo. Alimtaka Scolastika kabla yangu, akakataliwa, na bado hajakubali kukataliwa. Njia nzima alikuwa akijichana kwenye kioo cha lori.

Yosefu, msimamizi wa kitalu cha miti, alinipokea vizuri. Tukasalimiana kwa Kibena, kamwene, kamwene. Nikamuuliza habari za kuhamisha miche, kwa jumla tu. Alinieleza yote: mizizi isikatike, udongo usidondoke, jua lisiipige. Nikauliza kama Juni inafaa. Alinitazama kwa huzuni. Akasema mtu mzima, mzaliwa wa huku, anataka kupanda miti kiangazi? Itakauka yote. Ningoje mvua za Novemba. Akauliza ni paina au mikaratusi. Nikasema ni myembamba zaidi.

Basi, upasuaji hauwezekani kabla ya mvua. Nasikia Bombay Juni mvua inanyesha, lakini kichwa changu kiko Makambako.

Jumatatu, 12 Juni. Njombe

Nimemwona daktari wa hospitali ya misheni. Nikamweleza habari za mjomba. Akaniambia nivue kofia ya mjomba.

Anasema upasuaji haujali mvua wala kiangazi. Hapo nikajua si mkulima. Anasema hajui anayeufanya hapa nchini, na hata ukifanyiwa leo, nywele zenyewe zitaonekana baada ya miezi mingi. Dawa ya kupaka nayo huwafaa zaidi wanaoanza kupoteza nywele, haifufui uwanja wa zamani kama wangu. Kwa hiyo njia zote mbili hazifiki Jumapili. Ushauri wake ni nivue kofia na niishi. Pia nisithubutu kupaka pilipili, maana watu hujiunguza.

Yeye mwenyewe ana upara unaong'aa. Fundi mwenye suruali iliyochanika hawezi kunishonea suti. Ila lile la pilipili limenikaa akilini. Kama watu wengi wanapaka hadi wanakatazwa, lazima kuna sababu.

Jumatano, 14 Juni. Makambako

Esteria, anayeuza dawa za miti shamba sokoni, amenitengenezea: kitunguu saumu, pilipili kichaa, mafuta ya nyonyo. Kasema nipake kidogo, kisha ninawe. Lakini Esteria hana matangazo ya ndoa Jumapili. Nimepaka yote, nikavaa kofia juu ili joto lisitoroke.

Inawasha. Ni dalili kwamba mizizi inaamka.

Baadaye: mizizi yote imeamka. Nimekimbilia bombani, nikaweka kichwa chini ya maji mbele ya kina mama wenye ndoo. Nimelia. Mmoja alinipa pole ya msiba.

Ijumaa, 16 Juni. Makambako

Malengelenge kichwa kizima. Unywele mpya hakuna hata mmoja. Kofia haigusiki.

Lakini Mungu hamtupi mja wake. Kidonda hufungwa bandeji, na bandeji haivuliwi kanisani! Nimejifunga hadi kwenye nyusi. Nahumu alikuwa anakwenda Njombe, nikamtuma amwambie Scolastika kwamba kasha la redio limeniangukia. Aliitazama bandeji kwa muda, akasema atafikisha bila kupunguza.

Jumapili, 18 Juni. Njombe



Scolastika alikuja kanisani macho mekundu. Mama yake akaninong'oneza kwamba binti hajala tangu juzi, amefunga kuniombea. Nilijisikia vibaya sana. Kisha nikajisikia vizuri, maana hakuna aliyewahi kunifungia. Tukasimama mbele. Padre akaomba waumini waliombee fuvu langu. Wakaliombea. Majina yakasomwa, hakuna pingamizi. Nilikuwa nimeshinda.

Nje ya kanisa, nani kama si yule daktari. Kumbe ni parokia yake. Scolastika akamkimbilia, akamsihi anitazame, kwa sababu ameambiwa na Nahumu kwamba ubongo ulionekana. Nikasema naendelea vizuri. Mama mkwe akanishika mikono kwa upendo, daktari akaanza kufungua. Bandeji ilikuwa ndefu. Watu wakasogea. Mwisho ukatokea upara, malengelenge, na harufu ya kitunguu saumu.

Daktari akasema, kwa upole uliofika hadi barabarani, "Bwana Severini, si nilikukataza pilipili?"

Wote walicheka isipokuwa Scolastika. Hicho ndicho kilichoniuma. Aliniuliza jambo moja: "Nimeshinda njaa kwa ajili ya hiki?" Akamshika mama yake mkono, wakaondoka. Padre amesema hatasoma tangazo la pili mpaka binti aende mwenyewe kumwambia kwamba bado anataka.

Jumamosi, 24 Juni. Makambako

Wiki nzima chakula hakipiti. Nampenda yule mwanamke. Sikujua ni kiasi hiki.

Leo nimekwenda Njombe kichwa wazi. Baridi ilinipiga kama adui. Nilimkuta uani anamenya viazi. Alikitazama kichwa, akasema marehemu baba yake alikuwa na upara mkubwa kuliko huu, na wao watoto waliupaka mafuta kila Krismasi. Upara haumsumbui. Kinachomsumbua ni kwamba aliupigia magoti uongo. Atakwenda kwa Padre jioni, ila kwanza nimwambie kama kuna kingine nilichomficha. Chochote. Leo atasamehe. Kesho hatasamehe.

Machozi yalinilengalenga. Nikamshika mkono wenye maganda ya viazi, nikamwambia hakuna.

Akacheka, mara ya kwanza tangu ile Jumapili. Akasema vizuri, basi kesho baada ya misa yeye na mama yake watapanda basi kuja kuiona ile nyumba yangu ya vyumba vinne.

Ile nyumba niliyojisifia kwao wakati wa masika. Kiwanja nimeonyeshwa, bado sijakinunua.

Hakuna tatizo. Nimepita kwa Mustapha jioni hii hii. Yake ina vyumba vinne hasa, na bati jipya. Nimemwomba kesho mchana yeye na mkewe wajifanye wapangaji wangu. Mustapha amekataa kabisa. Tausi, mkewe, amekubali haraka: anasema kama mwenye nyumba ni mimi, nianze na choo, kimeziba tangu Pasaka.

Nimeahidi.