Bwana Harusi Aliyepanga Foleni

Jumatatu, 6 Oktoba

Mvua. Duka la vigae vya bafu ninakouza halikupata mteja hata mmoja, ila bibi mmoja aliyeingia kujikinga, akaniomba radhi mara nne kwa kunisumbua. Nikapata wasaa wa kufikiri. Nami nikianza kufikiri, Batley nzima, mji wetu huu mdogo wa Uingereza, ijiandae.

Maktaba imebandika tangazo. Filamu fupi za kuchekesha, dakika tano, kuhusu mapenzi, imani na maisha yetu ya kila siku. Zitaonyeshwa na kushindanishwa Jumamosi ya tarehe 18. Nimelisoma mara tatu. Mapenzi, imani, maisha ya kila siku: hao ni mimi na Sumbal, ila Sumbal bado hajaarifiwa.

Niandike wazi, maana daftari hili halisomwi na mtu. (Mama, kama unasoma, lirudishe ulipolikuta.) Nataka kumwoa Sumbal, mfamasia wa duka la dawa la pale kilimani. Nina miaka thelathini na tatu na sijawahi kutaka kitu namna hii. Kaka yake Haroon, mwenye bucha, ndiye walii wake, wa kumwoza, tangu baba yao afariki. Ametangaza kwamba wenye posa atawapokea Jumapili ya tarehe 19. Mama yake Adeel keshanunua boksi la laddu, vile vitamu vya kupelekea posa. Adeel! Mwalimu wa udereva, mwenye gari lenye breki mpaka upande wa abiria. Maisha yake yote ni kuwakanyagia breki wenzake.

Mama anasema na sisi tununue laddu twende, yaishe. Nimemwambia posa ya kawaida ni ya watu wasiojaliwa akili. Lazima Sumbal anipende kwanza. Njia ni moja. Filamu nitaiandika mimi, nitaiongoza mimi, na bwana harusi nitakuwa mimi. Bibi harusi ni Sumbal. Akiniona mara moja tu ndani ya sherwani, lile koti refu la bwana harusi, Adeel atakula laddu zake mwenyewe.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimemaliza kuandika kabla ya chakula cha mchana. Kisa ni hiki. Bwana harusi anafika ukumbini siku ya ndoa yake, anakuta foleni. Kwa kuwa amelelewa vizuri, anakwenda kusimama nyuma. Haulizi foleni ni ya nini. Kumbe ni ya kuku na chipsi. Ndani imamu anangoja, bibi harusi anangoja, yeye huko nje anasogea hatua moja moja na kumpisha kila anayemwomba radhi. Nimecheka peke yangu mpaka Mama akagonga ukuta.

Mama nimemtuma duka la dawa, kisingizio kikohozi. Karudi na jibu: Sumbal amekubali, alimradi kaka yake awepo. Na eti alicheka aliposimuliwa kisa. Nimemwuliza Mama alicheka vipi. Akasema kwa mdomo.

Jumatano, 8 Oktoba

Siku ya mafanikio, kasoro moja. Maulana Idrees, imamu wetu, amekubali kuigiza imamu. Amekubali upesi kuliko nilivyotegemea, kisha akauliza upande gani wa uso wake unapendeza zaidi kwenye kamera. Mama atashika kamera. Amepiga picha za harusi zote za mtaa huu tangu mimi sijaota meno, ingawa kila ukizitazama unakuta dakika mbili za maharusi na saa nzima ya biriani.

Kasoro ni Adeel. Amesikia. Amejitolea kutoa gari la kumleta bibi harusi, na Haroon amemshukuru kwa mikono miwili. Gari lenyewe lina kibao juu ya paa chenye jina la Adeel na namba yake ya simu. Nilimwuliza kibao kinatoka? Akasema kinatoka, lakini hapendi kukitoa.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimevuliwa nguo mbele ya rafu za viatu.

Baada ya swala Maulana alinishika mkono, kurasa zangu mkononi mwake, wazee wote wanatafuta viatu na masikio yao yako kwetu. Akaniambia, "Ghazanfar mwanangu, hapa ukurasa wa nne umeandika nakufungisha ndoa." Nikasema ndiyo Maulana, mzaha tu huo. Akaniangalia kwa huruma. Akanikumbusha kwamba ndoa haina mzaha. Walii yupo, mashahidi wawili wapo, Haroon akitamka kukuoza dada yake, wewe ukatamka kukubali, na dada mwenyewe yuko radhi, basi mmeoana, kamera iwake isiwake. Mzee mmoja aliyekuwa na kiatu kimoja mguuni akasema ni kweli, hata hadithi ya Mtume ipo.

Maulana amesema atatafuta njia, nisiwe na wasiwasi.

Wasiwasi sina. Nina kitu kibaya zaidi. Nimerudi nyumbani nimekaa jikoni na kikombe cha chai mpaka kikapoa, nikiwaza hivi: kama Maulana akisahau? Ana mambo mengi, maskini. Akisahau, keshokutwa Jumapili tukipiga filamu, saa tisa alasiri mimi ni mume wa mtu. Adeel ameketi pale pale kama shahidi. Tena nitampa kiti cha mbele.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimeamka na aibu. Sumbal humpimia Mama presha bila kuombwa, na huwa anamwandikia dawa zake kwa herufi kubwa ili asikosee. Mtu kama huyo haolewi kwa kuviziwa. Nikaapa kwenda kumweleza yote, ukurasa wa nne na yaliyonipitia kichwani.

Duka la dawa lilikuwa na foleni ya watu sita. Nikawa nayarudia maneno yangu kimoyomoyo, mazuri sana, yana unyenyekevu na yana heshima. Nikafika mbele. Sumbal akatabasamu, akauliza anisaidie nini, kaka Ghazanfar. Nyuma yangu mtu akakohoa. Nikageuka. Adeel.

Maneno yote yakanikimbia. Watu nyuma wakaanza kutazama saa. Siwezi kuwachelewesha watu kwenye foleni, sikulelewa hivyo. Nikanyoosha mkono kwenye rafu nikachukua chupa ya kwanza niliyoigusa nikaiweka mezani.

Shampuu ya chawa.

Sumbal akashusha sauti kwa upole, akasema si jambo la kuonea haya, huwapata hata watu wasafi. Nichane kwa kitana chenye meno yaliyobanana, nirudie baada ya siku saba, na wote wa nyumbani watibiwe. Nikasema ahsante. Adeel akarudi nyuma hatua mbili.

Alasiri Maulana amepiga simu, furaha tele. Njia ameipata. Bwana harusi ataigizwa na Haroon! Kaka hamwoi dada yake hata dunia ipinduke, kwa hiyo maneno yatasemwa na hakuna ndoa itakayofungwa. Akaniuliza kama hilo si jambo la akili. Nikasema ni la akili sana. Sherwani yangu, niliyokwenda kuikodi mpaka Leeds, sasa inakwenda kwa mtu anayebeba nusu ng'ombe begani. Haitafungika.

Jumapili, 12 Oktoba

Siku ya kupiga filamu. Nitaandika nitakachoweza.

Tulipanga foleni nje ya ukumbi wa msikiti: watu sita, marafiki wa Haroon, na Haroon mwenyewe nyuma yao ndani ya sherwani iliyoachwa wazi kifuani. Harufu ya kuku inatoka mlangoni. Mama yuko mlangoni na kamera. Mimi nikarudi nyuma kidogo nione picha inakaaje.

Basi likasimama kituoni. Watu wakashuka, wakaona foleni, wakaingia. Hakuna aliyeuliza. Basi la pili likaja. Nikaenda kuwaeleza mmoja mmoja kwamba hii ni filamu. Kila mmoja akasema haidhuru, hana haraka. Bi Maureen, jirani yetu mstaafu, alikuja na kiti chake cha kukunja. Akaniuliza kwa sauti ya chini foleni ya nini. Nikamwambia harusi. Akauliza mimi ni upande wa bibi harusi au wa bwana harusi. Nikasema hilo ndilo ninalojaribu kulirekebisha.

Nilipotaka kurudi mbele, walikuwa watu thelathini na zaidi. Nikapita pembeni. Bwana mmoja mwenye mwavuli akaniambia, "Samahani sana, nadhani mwisho wa foleni uko kule." Nikamweleza kwamba mimi ndiye mwongozaji. Akajibu kwa adabu kwamba kila mmoja hapa ana shughuli yake. Hakuna aliyenitukana. Waliguna tu, wote kwa pamoja. Matusi naweza kuyavumilia. Kuguna kwa watu walio kwenye foleni siwezi, nimezaliwa hapa.

Nikaenda nyuma nikapanga.

Dakika arobaini! Kwenye filamu yangu mwenyewe. Huko mbele nikasikia sauti ya Adeel ikisema "anza". Nikasikia Maulana akisema tena, tena, hiyo haikutoka vizuri. Haroon keshafika mlangoni na anakula. Mimi nasogea hatua moja. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akaniomba radhi, nikampisha. Babu mwenye fimbo, nikampisha. Sumbal akatoka nje na nguo zake za bibi harusi, nyekundu zenye nyuzi za dhahabu, akatafuta kwa macho kilichokwamisha kazi, akaniona. Nilitaka kupotea. Nikainamisha kichwa kwa heshima na nikampisha mtu mwingine.

Nilipofika mlangoni chipsi zilikuwa zimekwisha.

Jumatatu, 13 Oktoba

Tumetazama tulichopiga. Msiba. Haroon anaonekana mara mbili, mdomo umejaa. Ndoa haisikiki kwa sababu Adeel alisimama mbele ya kipaza sauti. Namba yake ya simu inasomeka katika picha kumi na moja.

Kilichobaki ni mimi. Mama, ambaye maisha yake yote hugeuzia kamera chakula, jana aliigeuzia mwanawe, akanifuata foleni nzima. Hapo ninaomba radhi. Hapo napisha. Hapo nimekanyagwa na mimi ndiye ninayeomba radhi. Nikasema siipeleki, bora nihamie Dewsbury, mji wa jirani. Mama akasema hiyo ndiyo sura yangu ya kweli na hajaona ubaya wake. Ameipeleka maktaba mwenyewe, mimi nikiwa bafuni.

Jumamosi, 18 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Maktaba ilijaa. Nilikaa nyuma karibu na mlango wa dharura. Filamu yetu ilikuwa ya tatu. Nilipojitokeza kwenye skrini nimesimama nyuma ya kiti cha Bi Maureen, mtu mmoja akacheka. Nilipoguniwa, ukumbi mzima ukaguna nao, kisha wakacheka mpaka mchungaji wa kanisa la kona akafuta macho kwa tai. Sijawahi kusikia watu wakicheka hivyo kwa ajili yangu nikiwa nataka wacheke, au hata nikiwa sitaki. Tumekuwa wa pili. Wa kwanza ni filamu ya padre anayemwogopa mbwa wa mpiga kinanda, na kwa kweli yule mbwa anaweza kuigiza.

Kwenye meza ya chai Sumbal akaja akasimama kando yangu. Swali lake la kwanza lilikuwa chawa wanaendeleaje. Nikamwambia sina chawa, sijawahi kuwa nao, na nikamweleza nilichokuja kusema siku ile. Ukurasa wa nne. Kikombe kilichopoa. Kwamba nilitamani Maulana asahau. Nilisema yote nikiangalia biskuti.

Akasema habari ya ukurasa wa nne anaijua. Maulana alimwambia Haroon, na Haroon hana siri zaidi ya saa moja. Alikuwa anangoja aone kama nitasema mwenyewe. Kisha akasema hana hofu na mtu aliyeshindwa kuchomekea kwenye foleni ya filamu yake. "Mtu kama huyo ataweza wapi kumwiba bibi harusi?"

Akaniambia amekuwa akimpima Mama presha miezi minane, na presha ya Mama haina kasoro yoyote. Alikuwa akitafuta habari zangu.

"Mwambie mama yako aje kesho saa nane," akasema. "Akina Adeel wanakuja saa kumi. Na uje bila kamera, Ghazanfar."

Nimerudi kwa miguu, mvua yote imeishia kwangu, na nimefurahi kiasi kwamba niliiamkia hata taa ya barabarani.

Jumapili, 19 Oktoba

Laddu tulinunua asubuhi. Saa nane kasoro tano tuko mlangoni. Haroon alitukaribisha amevaa shati safi, akaniuliza kwa ukali kama nina kazi, ingawa vigae vya bafu lake niliviuza mimi. Sumbal akaleta chai mwenyewe, akakaa. Haroon akamwuliza mbele ya wote. Akasema amekubali.

Mama amelia. Haroon amelia zaidi ya Mama. Mimi nilimwaga chai kwenye zulia, na hakuna aliyejali. Tulipotoka, Adeel na mama yake walikuwa wamekaa ndani ya gari upande wa pili, boksi la laddu mapajani. Akateremsha kioo akanipa mkono. Nilitaka kufurahia huzuni yake, nikashindwa. Nikamwambia kwamba Sumbal ana binamu Huddersfield anayefeli mtihani wa udereva kila mwaka. Uso ukamchangamka.

Sumbal ametoa sharti moja tu: harusi ataipanga yeye na Mama, mimi nisipange kitu chochote, kidogo wala kikubwa. Nimeapa. Nimeapa kwa moyo wote, kwa sababu leo nimeona kwa macho yangu kwamba ukweli mtupu na boksi la laddu vinatosha, na kwamba hila zangu zote hazikunifaa hata chembe.

Mtu wa Dewsbury ana farasi mweupe. Nimempigia tu kuuliza. Bwana harusi kuja juu ya farasi si kupanga, ni namna ya kufika. Sumbal hatajua mpaka siku yenyewe. Yule bwana amenihakikishia farasi ni mpole, haogopi watu, haogopi magari. Anaogopa ngoma tu. Mama keshawaita wapiga ngoma watano, lakini nitawaomba wapige taratibu.