Mkurugenzi na Vipuri vya Orijino

Cheo cha Mkurugenzi alijipa mwenyewe, maana aliona akingoja watu wampe atazeeka bure. Kitu pekee alichowahi kukiongoza ni ulimi wake, na huo nao mara nyingi ulimtangulia.

Siku fursa ilipojitokeza, alikuwa ametumwa na mama mkwe kununua balbu ya taa ya nyuma ya gari. Akaenda mtaa wa vipuri, ule ambao ukiulizia chochote, kuanzia nati hadi injini, muuzaji anakwambia "kaa hapo kwenye benchi," anatokomea uchochoroni, na baada ya nusu saa anarudi nacho, pengine bado kina moto. Hakuna anayeuliza kimetoka wapi. Ndiyo adabu ya mtaa ule, na watu wa adabu huiheshimu.

Alikaa kwenye benchi la Mama Breki, mwanamke mnene mwenye miwani ya kamba, aliyeuza breki huku amekalia mto wa kufuma wa nyuzi nyekundu na njano. Jirani yake, Mzee Betri, alikuwa akilalamika.

"Wenzetu huko nje viwanda vikubwa vinawatafuta, vinaingia nao ubia, vinawekeza kwao. Sisi wauza vipuri wa hapa tunatafutwa na nani? Na polisi!"

Mkurugenzi akahisi ulimi unamwasha. Akasimama, akafunga kifungo cha koti.

"Wazee wangu, samahani kwa kudakia mazungumzo. Mwakilishi wa kiwanda cha magari cha ng'ambo amekaa hapa kwenye benchi lenu, na hamjampa hata maji."

Mama Breki akamtazama juu ya miwani.

"Ng'ambo ya wapi, mwanangu?"

"Ng'ambo kabisa, mama. Ukifika ng'ambo ya kawaida, pale ndipo unabadilisha ndege."

Akaeleza kwamba kiwanda chake kinatafuta wabia sita tu wa kukiuzia vipuri. Hakitaki ada wala kiingilio, na neno hilo lilizipenya nyoyo zao upesi kuliko mengine yote. Kinachotakiwa ni sampuli moja tu kwa kila mmoja, ikapimwe kwenye maabara. Alipotamka maabara alishusha sauti kama anayetaja msikiti au kanisa. Maji yakaletwa, na soda ikafuata. Mkurugenzi akawapangia siku ya mkutano, akaondoka akipunga mkono, na balbu aliyoletewa akaisahau kwenye benchi.

Mpango wenyewe ulikuwa rahisi. Angebeba sampuli sita za orijino, angeziuza mtaa mwingine kabla jua halijatua, na angekodi vyumba viwili yeye na mke wake. Hapo ndipo roho yake ilipokuwa. Walikuwa wakiishi chumba cha uani kwa mama mkwe, na wiki ile mke wake alikuwa amemwambia bila kupandisha sauti:

"Mume wangu, nakupenda, na hilo unalijua. Ila nimechoka kumwambia mama kwamba kesho utapata kazi. Ukimwaibisha mara moja tu tena, mimi nabaki, wewe unaondoka."

Mkurugenzi alimpenda mke wake kweli. Alidanganya watu wengi katika maisha yake, lakini katika hilo hakuwahi kujidanganya. Kwa hiyo alifanya kazi kwa bidii ambayo, lau angeielekeza kwenye jambo la halali, angekuwa tajiri. Aliandika mkataba wa kurasa tatu. Akachonga muhuri wa kampuni kwa kisu cha jikoni, kutoka kwenye kisigino cha kandambili kuukuu aliyoikuta chini ya meza. Muhuri ulitoka vizuri sana, mviringo, na gurudumu katikati.

Ikabaki gari. Mwakilishi wa kiwanda cha magari hawezi kufika kwa miguu. Akamwendea mama mkwe kwa unyenyekevu, maana gari lile jeupe mama alilipenda kuliko baadhi ya ndugu zake. Hata kirungu cha gia alikuwa amekifumia kofia.

"Lichukue, mwanangu," mama akasema.

Mtu mwenye akili zake angeshtuka. Mkurugenzi alishukuru tu.

"Ila saa kumi jioni liwe hapa. Likirudi limepungua hata nati moja, na wewe upungue humu ndani."

Mkutano ulifanyika kwenye chumba cha juu cha nyumba ya wageni, mwisho wa mtaa wa vipuri. Kilikuwa na viti vya plastiki, feni iliyozunguka pale ilipojisikia, na dirisha lililotazama ukuta. Gari aliliegesha nyuma ya jengo, kivulini, akampa mlinzi maagizo mengi na sigara moja. Suti yake ya kijivu ilikuwa imenyooka. Viatu viling'aa, saa iling'aa zaidi, na mkoba wa ngozi ulibeba mikataba na gazeti la kuutia uzito.

"Ndugu wabia," akaanza, "kiwanda chetu hakitaki vya kufanana. Hakitaki vilivyopakwa rangi jana. Kinataka orijino, vya gari aina ya lile nililokuja nalo. Aliye navyo alete sasa hivi, asiye navyo amwachie mwenzake ubia."

Wauzaji wakatazamana. Mzee Betri akajikuna kidevu.

"Orijino kabisa, Mkurugenzi?"

"Kabisa, mzee wangu. Kabla ya saa nane."

"Kaa hapo," akasema Mama Breki, akainuka. "Vitapatikana."

Wakashuka ngazi wote sita. Mkurugenzi akakaa, akanyoosha miguu, akaanza kuvipanga vile vyumba viwili kichwani: kitanda huku, kabati kule, na mama mkwe mbali.

Wa kwanza kurudi alikuwa Mzee Betri na betri mikononi, haina hata vumbi. Mkurugenzi akaisifu, akagonga muhuri. Wakaja ndugu wawili mapacha wauza taa, mmoja na taa za mbele, mwingine na za nyuma. Muuza vioo akaleta vioo vya pembeni, Mkurugenzi akajitazama humo na kuchana nywele. Muuza matairi akayaviringisha manne mpaka ndani, jasho likimtiririka.

"Tairi limetunzwa hili!" Mkurugenzi akashangaa. "Mwenye gari hili lazima ni mtu makini."

"Makini sana," muuza matairi akakubali. "Ila yeye ni makini na tairi, si na maegesho."

Wakacheka wote, na Mkurugenzi akacheka kuwapita. Kila sampuli aliigongea muhuri: imepokelewa, ni orijino, imefaa. Chumba kikajaa harufu ya mpira na grisi, na kwake ilikuwa harufu ya kodi ya nyumba.

Mwisho akaingia Mama Breki. Akaweka mezani breki nne, kisha akaingiza mkono mfukoni.

"Na hiki nimekuongezea, mwanangu. Zawadi ya ubia."

Kilikuwa kirungu cha gia. Kilikuwa kimevaa kofia ya kufuma, ya nyuzi nyekundu na njano.

Mkurugenzi akakitazama. Tabasamu likabaki usoni peke yake, mwenyewe alishaondoka. Akashuka ngazi tatu tatu mpaka nyuma ya jengo. Gari la mama mkwe lilikuwa limekaa juu ya mawe manne, halina macho, halina masikio, halina miguu. Mlinzi alikuwa akimalizia sigara.

"Nilidhani ni matengenezo, bosi. Walikuja kwa nidhamu, kila mtu na spana yake."

Akapanda tena akihema, tai imegeukia mgongoni.

"Nani kalivua gari langu?"

"Lako?" Mama Breki akauliza. "Si la kiwanda? Mkurugenzi, ulitaka orijino. Mtaa huu mzima, tangu uanze, gari lenye vipuri orijino vitupu ni moja tu, na umekuja nalo mwenyewe. Sisi tungefanyaje?"

Mchimba kisima huingia mwenyewe, walisema wahenga, ila hawakusema kwamba anaweza kuingia amevaa tai. Mkurugenzi alipiga magoti. Kwa mara ya kwanza kwa miaka mingi maneno yaliyomtoka hayakuwa na nakshi.

"Mama, lile gari ni la mama mkwe wangu. Lisipofika nyumbani zima saa kumi, sina mke. Nakuomba, lirudishieni."

Hakuna aliyecheka. Mama Breki akatazama saa ya Mkurugenzi, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu.

"Kufungua tulifungua bure, mwanangu. Kufunga ndiyo kazi."

Mzee Betri akataka saa. Mapacha wakagawana viatu, kimoja kimoja, wakasema watajua wenyewe. Muuza vioo akachukua tai, muuza matairi akachukua mkoba pamoja na gazeti. Mama Breki akasema yeye ni mtu mzima, hana makuu, suti inamtosha.

Saa kumi kasorobo, gari jeupe likiwa zima hadi kofia ya gia, Mkurugenzi alishika usukani akiwa amevaa fulana, kaptura na soksi. Hakutazama kushoto wala kulia. Pikipiki moja ilimpita njiani kwa kasi, na hakujali imebeba nini.

Mama mkwe alikuwa amesimama getini. Alilizunguka gari mara mbili, akagonga tairi, akafungua boneti, akaifunga. Mke wake alisimama mlangoni, mkono mdomoni.

"Limetimia," mama akasema.

Mkurugenzi akavuta pumzi. Alikuwa ameshaandaa hadithi ya maskini asiye na nguo aliyekutana naye njiani. Akafungua mdomo, na hapo hapo akaiona suti yake ya kijivu kwenye kamba ya nguo, ikipepea.

Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo zenyewe zilikuwa zimeshaanikwa.

"Ile balbu uliisahau kwenye benchi," mama mkwe akasema. "Mama Breki aliniletea jioni ileile. Miaka kumi na miwili analitengeneza gari langu, tukikaa tunafuma pamoja. Unafikiri hakujua balbu hiyo ni ya gari gani? Akanipa balbu, akanipa na habari zako za ng'ambo. Sikuamini, mpaka nilipovaa hii."

Akainua mguu. Kandambili ilikuwa na tundu la mviringo kwenye kisigino, safi kabisa, na unyayo wa mama ulichungulia. "Ndipo tukapanga nikupe gari."

Mke wake alishindwa kujizuia. Alicheka mpaka akaketi kizingitini, na Mkurugenzi akajua kwamba mwanamke anayecheka hivyo hajakufukuza bado.

"Kesho saa moja asubuhi unaanza kazi dukani kwake," mama mkwe akaendelea. "Anasema maisha yako yote ni vipuri vya bandia, ila mdomo ni orijino, na anauhitaji."

"Kwa cheo gani, mama?"

"Utauza balbu. Suti iliyokutangulia kwa pikipiki utapewa ukishauza za kutosha." Akawasha taa za gari, akaenda nyuma kutazama. Zote mbili ziliwaka. "Haya, nenda kavae shati, mkwe wangu. Unaniaibisha mbele ya gari."