Yah: Kukataliwa kwa Sweta Nililomfumia Mtoto Jonasi

Kwa Mwenyekiti,
Kikundi cha Akina Mama Wafumaji,
Hasamba.

Ndugu Mwenyekiti, ambaye pia ni mpwa wangu Ketrina,

Najua ungeanza kwa kuniamkia, kwa hiyo marahaba.

Kichwa cha barua kinajieleza, ila mimi nitakieleza zaidi. Jumapili mdogo wako Goodness anambatiza mwanawe wa kwanza, Jonasi. Katika ukoo wetu mjomba wa mama ndiye humvisha mtoto wa kwanza nguo ya ubatizo. Nilitangaza kwenye kikao cha maandalizi, mbele ya watu, kwamba sinunui: nitasokota uzi mwenyewe, nitautia rangi mwenyewe, nitafuma mwenyewe. Mkacheka. Nikajiunga na kikundi chenu, mwanaume peke yangu. Alhamisi iliyopita mlimjaribishia Jonasi sweta langu, mkalikataa na kuniambia "nipumzike kwanza". Sijachoka. Nalalamika kama ifuatavyo:

1. Uzi. Mlisema huu si uzi, ni kamba. Ninyi mnafumua masweta ya mitumba kutoka Tunduma; mimi nilimfuata kondoo mwenyewe, hadi Msangano, kwa rafiki yangu Mabula. Kweli, kondoo wa kule kwenye joto wana manyoya mafupi kama ya mbwa. Mabula akaniambia, "Mzee, hawa ni wa mchuzi, si wa blanketi," na mkewe Nyanzobe akacheka mpaka akakaa chini. Sikurudi nyuma. Nilinyoa kondoo kumi na moja, nikapata soksi moja iliyojaa, nikaongezea nywele za mikia ya ng'ombe. Nikapindua baiskeli papo hapo uani kwao na kusokota kwa gurudumu la nyuma. Wakati wa kurudi nilikuta lori la shaba limekwama Tunduma. Nikalifunga kwa uzi huo, likavutwa likatoka! Wabadilisha fedha waliacha kazi wakapiga makofi, na dereva Mzambia akanishukuru kwa Kibemba, "Natotela!" Uzi haukukatika, ila bampa ndiyo ilibaki mkononi. Sasa uzi uliolishinda lori utashindwa na mtoto wa kilo sita?

2. Rangi. Nilichemsha maganda mekundu ya kahawa kwenye sufuria ya wali ya mke wangu Enesi, jambo ambalo yeye naye ameliandikia barua yake ya malalamiko. Nilitegemea nyekundu. Ilitoka rangi ya tope la barabara yetu mwezi wa pili. Mlilalamika kwamba inachuja, kwamba mtoto alibaki na paji la uso la kahawia. Mpwa wangu, rangi ya dukani ni choyo, inakaa kwenye nguo tu. Ya kwangu inagawa.

3. Vipimo. Mkono wa kulia umezidi wa kushoto kwa shubiri moja. Huo ndio mkono wa jembe, utatangulia kukua. Na kichwa kilipogoma kupita mkasema tundu ni dogo. Hakuna aliyemuuliza Goodness alikula maparachichi mangapi wakati wa mimba.

4. Kilio. Jonasi alilia, sikatai. Lakini Jumapili akimwagiwa maji atalia vilevile, na sijasikia mchungaji akiambiwa apumzike kwanza.

5. Rosemary, mtunza vifaa wenu, alisema nashika sindano kama mtu anayegeuza mishikaki. Hizo si sindano, ni spoku za baiskeli nilizozinoa mwenyewe kwenye jiwe. Kauli yake ifutwe kwenye muhtasari.

Kwa hiyo naomba, kwanza, sweta langu livaliwe Jumapili bila kujadiliwa. Pili, nirudishwe kikundini na kukaa meza ya mbele. Tatu, masweta laini yapigwe marufuku Hasamba nzima, maana yanalea kizazi legelege. Mtoto akizoea kuwashwa mapema, maisha hayatamsumbua. Mimi niliishia darasa la sita kwa sababu la saba waliogopa maswali yangu, lakini hili nalijua. Nisipojibiwa nitakwenda kata, kisha wilaya, kisha mkoa, na wote wakikaa kimya nitavuka mpaka hadi Nakonde na sweta langu, Wazambia waamue.

Nisalimie kikundi chote, mkwe wangu na watoto, hata Rosemary, lakini yeye mwisho.

Ni mimi mjomba wako,
Andongwisye,
Fundi Mkuu wa Uzi, Mbozi na Momba.

NB: Enesi alisema kama naamini niliyoandika, nilifunge sweta shingoni nikuletee barua kwa miguu. Nimefika kona ya kanisa tu. Namalizia kuandika nikiwa nimekaa kwenye jiwe, nimelivua, na bado najikuna. Kumbe mtoto hakuwa na dharau. Jumapili avae lile jeupe mlilofuma ninyi, ila naomba nimvishe kwa mikono yangu, nitakuwa nimeiosha. Alhamisi nitakuja, nikae meza yoyote. Niwekeeni uzi wa mtumba na mtu mwenye subira wa kunionyesha mshono wa kwanza unavyoanzwa, maana kwenye sweta hili nilifunga fundo nikaendelea. Akikosekana mtu, basi hata Rosemary.