Kiazi ni Kiazi

Mtaani alijulikana kwa jina la Shemeji, kwa sababu kila mwanamume aliyekutana naye alimwita shemeji, ingawa dada alikuwa naye mmoja tu na dada huyo hakuwahi kuolewa. Neno hilo ndilo lilikuwa duka lake. Mtu akiitwa shemeji husita kidogo, akijiuliza kama kuna harusi aliyoisahau, na katika kusita huko Shemeji alipata riziki. Alikwisha kuuza saa zisizotembea, sabuni isiyotoa povu, na dawa ya mende ambayo mende waliinenepea. Msimulizi wa habari hii anayo saa moja kati ya zile mpaka leo, kwa hiyo msidhani anamcheka mtu kutoka juu ya mti.

Siku mambo haya yalipoanza, Shemeji alikuwa ameegemea ukuta wa kampuni ya bima, akikwepa jua na kumkwepa dada yake. Dada alikuwa fundi cherehani, na asubuhi hiyo, pini zikiwa mdomoni, alimwambia maneno machache.

"Mdogo wangu, joto likiisha nakitaka kile chumba cha nyuma. Naleta mashine ya pili. Mashine inashona, wewe unakoroma."

Shemeji hakuwa na pengine pa kulala. Rafiki zake wote walikuwa na saa zake.

Mlango wa nyuma wa kampuni ukafunguliwa, akatoka mama mfagiaji akisukuma toroli lililojaa vyungu vya maua. Majani yalikuwa ya manjano, yamelegea, yananing'inia nje ya vyungu. Shemeji akayatambua. Yalikuwa saiklameni, yale maua ya maofisini ambayo petali zake hugeukia nyuma kana kwamba yamesimama kwenye upepo. Zamani alifanya kazi wiki tatu katika shamba la maua, kubeba masanduku yaliyofungwa, kabla hajafukuzwa kwa kumuuzia msimamizi saa. Katika wiki hizo aliokota ukweli mmoja: saiklameni halifi ovyo. Joto likizidi, majani yote hunyauka, na asiyejua hulitupa. Kumbe limejilalia ndani ya kiazi chake, linangoja baridi liamke. Huo ndio ukweli pekee aliowahi kujifunza kazini, na papo hapo akaanza kutafuta namna ya kuudanganyia watu.

"Pole na msiba, mama."

"Msiba gani tena, baba?"

"Huo ulioubeba. Usiuguse kwa mkono mtupu. Hiyo ni homa ya majani, inaambukiza. Mkubwa wa hapa ni nani?"

Mama mfagiaji akamtazama kuanzia viatu hadi kichwani, bila haraka. Kisha akampeleka kwa Mkurugenzi.

Mkurugenzi alikuwa mtu anayeishi kwa kuuza hofu, kwa hiyo nyingine alibaki nayo mwenyewe. Shemeji alimweleza jinsi homa ya majani inavyotoka kwenye chungu, ikapanda pazia, ikaingia kwenye mafaili.

"Sasa, shemeji," akamalizia, "mimi nayachukua marehemu haya bure, kwa uchunguzi. Joto likiisha nakuletea mapya ishirini na manne, yamechanua, kwa nusu ya bei unayolipa sasa."

"Sina hakika kama tunafahamiana," akasema Mkurugenzi, lakini alikuwa ameshasita, na neno nusu lilikuwa limeshamwingia. "Nusu kabisa?"

"Kabisa. Sisi ni ndugu."

Mkurugenzi akaandika barua ya kuagiza maua, akaigonga muhuri. Wageni kutoka makao makuu wangefika mwanzoni mwa baridi, na alitaka mapokezi yapendeze bila gharama. Mama mfagiaji alikuwa mlangoni, anafagia sehemu ile ile aliyokwisha kuifagia.

"Mwanangu," akamwambia Shemeji walipotoka, "toroli ni la kampuni, na leo mgongo unaniuma. Njoo keshokutwa. Nitakuwa nimeshayakata hayo majani mabovu, yasije yakakuambukiza."

"Ubarikiwe, mama."

"Na hicho kiazi kinachobaki ndani ya chungu kikoje? Mtu atakijuaje?"

Shemeji hakuwahi kukiona. Masanduku, kumbukeni, yalikuwa yamefungwa.

"Mama," akasema kwa upole wa mtaalamu, "kiazi ni kiazi."

"Kweli kabisa," akasema mama mfagiaji, akaendelea kufagia.

Keshokutwa yake alikuta vyungu ishirini na vinne vimepangwa stoo, havina jani hata moja, udongo umesawazishwa vizuri. Akafukua kimoja kwa kidole. Kiazi kilikuwemo. Akaridhika.

Nyumbani alimsomea dada barua, na sehemu ya muhuri akairudia mara mbili. Dada aliushika muhuri, akausugua kwa kidole kuona kama unatoka. Haukutoka.

"Haya. Nakupa mpaka siku ya wageni hao. Maua yasipouzika, kitanda chako kinatoka siku hiyohiyo."

"Na wewe usiingie chumbani, dada. Ni siri ya kazi."

Kipindi cha joto kilimkuta Shemeji akifanya kazi aliyozaliwa nayo. Kiazi kilicholala hakitaki maji wala jua, wala mtu wa kukisumbua, na yeye alilala jirani nacho kwa uaminifu mkubwa. Joto lilipoanza kupungua, kazi ikageuka. Alikumbuka msimamizi akifoka kwamba maji ya saiklameni hutiwa chini, kwenye kisahani, si kichwani. Akaokota visahani ishirini na vinne, na kila alfajiri akaamka kuvijaza. Mtu huyu, ambaye dada yake alikuwa akimwamsha kwa kumvuta miguu, sasa alikuwa akiamka kabla ya jogoo. Alijionea aibu kidogo, akaendelea.

Wiki ya pili vichipukizi vikatoka. Majani yalikuwa na umbo la moyo, na majani ya saiklameni nayo yana umbo la moyo. Shemeji akakaa kitandani machozi yakimlengalenga. Alikuwa mtoto wa mjini. Kiazi kitamu alikijua kikiwa tayari kwenye sahani.

Majani yakaongezeka. Yakatoa mashina marefu, yakashuka kwenye vyungu, yakatambaa sakafuni, yakaparamia mguu wa kitanda na kushika njia ya dirishani. Saiklameni alilolikumbuka yeye lilikuwa linakaa mahali pamoja kwa adabu. "Hii ni afya," akajiambia. "Haya hayajawahi kupata matunzo ya kweli." Kilichomkera ni wadudu. Kila akirudi kutoka mtaani alikuta majani ya karibu na dirisha yamepungua, akayakagua moja moja asimwone mdudu hata mmoja.

Jambo moja lilimfariji: siku hizi chakula cha dada kilikuwa kitamu kuliko zamani.

"Mboga hii nzuri, dada. Unainunua wapi?"

"Hapa hapa karibu. Hata barabara sivuki."

Shemeji akaongeza sahani ya pili.

Siku ya wageni ikafika, na ua halikutoka hata moja. Aliivaa suruali yake ya pasi, akaenda kwa Mkurugenzi kuomba wiki mbili, uongo wake akiwa ameupanga vizuri tangu nyumbani: meli imechelewa, homa imeingia bandarini. Akasukuma mlango wa mapokezi, na uongo wote ukamtoka kichwani.

Vyungu ishirini na vinne vilikuwa vimejipanga dirishani. Maua mekundu, meupe na ya waridi, petali zimegeuka nyuma. Mama mfagiaji alikuwa anatia maji kwenye visahani. Kabla Shemeji hajasema neno, Mkurugenzi alitokea na kumshika mkono kwa mikono yote miwili.

"Kijana, umetimiza neno. Yamefika jana, na kwa nusu bei kweli. Yule mpwa wako ameshapokea malipo na kutia sahihi."

"Mpwa wangu," akasema Shemeji.

"Nikiri tu, nilikudhania tapeli."

"Watu husema mengi," akajibu Shemeji kwa sauti ndogo.

Mkurugenzi akaenda kuwapokea wageni. Mama mfagiaji akaweka chini kopo la maji.

"Karibu, shemeji," akasema.

Shemeji akasita. Ndipo alipojua jinsi lile neno linavyofanya kazi kwa anayeitwa.

"Huu ni mwaka wa tano," mama akaendelea, huku anafuta kisahani. "Kila joto yanakufa, kila joto nayapeleka jalalani. Jalala lenyewe ni baraza yangu. Baridi ikirudi, mpwa wangu anayaleta yale yale kama mapya, na mkubwa hajawahi kumtazama usoni; safari hii alijiita mpwa wako. Nawe ukaja kunishushia bei nusu, tena mbele yangu."

"Na mimi ulinipa nini?"

Mama akasogeza majani ya chungu kimoja. Kiazi kilikuwa bapa, cha kahawia, na mabega yake yalikuwa nje ya udongo.

"Hiki ndicho chake. Hakifukiwi chote, kitaoza. Vyako nilivinunua sokoni. Viazi vitamu, debe moja, na bado vilibaki vya kuchemsha." Akamtazama kwa huruma ya kweli. "Si ulisema kiazi ni kiazi?"

Njia nzima ya kurudi Shemeji alitafuta hasira akaikosa. Watu wengi aliwauzia mbuzi kwenye gunia, lakini hakuna hata mmoja aliyemfungulia mbuzi huyo chumba chake mwenyewe na kumpa maji kila alfajiri. Yeye peke yake ndiye aliyefika huko. Aliumia, na alipofika kona ya nyumbani akajikuta anacheka peke yake.

Kitanda kilikuwa kimeshatolewa uani. Akakaa juu yake, akamweleza dada habari yote, tangu homa ya majani mpaka debe la sokoni, bila kuongeza wala kupunguza. Alikuwa hajawahi kufanya hivyo, na dada akaacha kukata kitambaa ili asikie.

"Nilijua tangu majani ya kwanza," akasema dada. "Dirisha lako halifungiki. Ile mboga ulidhani inatoka wapi?"

Shemeji akalitazama dirisha, kisha sufuria.

"Kwa hiyo nilikuwa nakula mtaji wangu."

"Na sahani ya pili ukaongeza." Dada akacheka mpaka akalazimika kutoa pini mdomoni. Alipotulia akashika upande mmoja wa kitanda. "Inua huko. Mashine nitaibanisha sebuleni. Tangu joto lipungue sijanunua mboga, na huo ni mchango ambao sikuutegemea kwako. Kinachozidi, uza getini. Lakini siku nitakayosikia umeongopa, unatoka na vyungu vyako."

Kesho yake Shemeji alisimama getini na mafungu kumi. Mteja wa kwanza alikuwa fundi viatu wa jirani, ambaye mkononi alikuwa amevaa saa isiyotembea.

"Hii nini, Shemeji?"

"Mboga. Majani ya viazi."

"Inatibu nini?"

Mdomo wa Shemeji ukafunguka wenyewe. Mgongo, presha, usingizi, wakwe wagumu, orodha yote ilikuwa ulimini, imeshika foleni. Nyuma yake, dirishani, mkasi wa dada ukalia mara moja.

"Haitibu kitu," akasema. "Inaliwa."

Fundi viatu akaligeuza fungu, akalinusa, akamkazia macho.

"Kuna kitu unanificha," akasema, akanunua mawili.